Ridhaa ya Marehemu

Mume wangu Hussen ni karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali hapa Kibaha, lakini ukimuuliza kazi yake anakohoa kwanza, halafu anasema anaandika. Mimi ni fundi cherehani. Nikiulizwa kazi yangu nasema nashona, na sikohoi. Nimeishi na kikohozi hicho tangu aliponioa akanileta Visiga, kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye fremu ya duka mbele inayotazama barabara ya Morogoro. Ndani ya fremu hiyo nimeweka cherehani yangu.

Kila jioni akirudi kazini anavuta stuli, anakaa katikati ya vitenge vya wateja wangu na kunisomea alichoandika kwenye simu. Mimi nakanyaga cherehani, yeye anapaza sauti ili aishinde. Nimesikia mengi hapo. Nimesikia habari za mpelelezi mwenye koti refu anayemfukuza mwizi kwenye theluji. Nikamuuliza, "Hussen, theluji umeiona wapi?" Akanijibu kwamba mwandishi si lazima aone. Nimesikia pia habari za tajiri wa Masaki mwenye wake wawili wasiojuana, wakati Masaki yenyewe sisi tunaisikia tu redioni. Nilimpenda hivyohivyo, na hadithi zake nilizivumilia kama mtu anavyomvumilia mume anayekoroma.

Alizipeleka kila mahali: magazetini, kwenye majarida ya mtandaoni, kwenye mashindano. Kuna waliojibu na kuna ambao mpaka leo hawajajibu. Waliojibu walianza na shukrani, na mimi nimeshajifunza kwamba mhariri akianza kwa kukushukuru sana, basi amekukataa. "Tunakushukuru kwa kutuamini na kazi yako. Kwa bahati mbaya..." Ikifika hapo kwenye bahati mbaya, Hussen anaweka simu mfukoni na kwenda kumwagilia mchicha nyuma ya nyumba, hata kama mvua imetoka kunyesha. Mimi ndiye niliyekuwa nakasirika. Siku moja nilimwambia anipe namba ya mhariri mmojawapo nimpigie, nimuulize yeye anataka hadithi za namna gani, zilizotiwa sukari? Tangu siku hiyo akawa ananificha namba za watu.

Basi, mchapishaji mmoja mdogo wa Dar akatangaza kwamba anakusanya hadithi fupi za watu ambao hawajawahi kuchapishwa hata mara moja. Kitabu kizima cha watu hao. Hussen alilisoma tangazo lile kwa sauti, akalirudia, kisha akasema, "Zuwena, hii ndiyo ya mwisho. Wakinikataa na hawa, naacha."

Nilipaswa kufurahi, maana jioni zangu zingepata utulivu. Sikufurahi hata kidogo. Nilimtazama yule mtu mzima, mvi zimeshaanza kumchungulia kidevuni, nikaona kwamba akiacha, atakuja kukaa kwenye stuli ile jioni na hatakuwa na la kusema. Nikaogopa.

Siku nyingi hakunisomea kitu. Halafu jioni moja akakaa, akakohoa, akaanza. Palikuwa na mama mmoja Kisarawe aliyeitwa Bi Mwajabu, muuza mihogo, ambaye hakuna kijana aliyepita mbele ya nyumba yake bila kuulizwa, "Wewe mtoto wa nani?" Bi Mwajabu aliishika simu mbele ya mdomo kama anayejitazama kwenye kioo, akazungumza kwa nguvu mpaka majirani wakajibu. Akienda msibani, kabla hajampa mtu pole, alifunua kwanza sufuria la wali aone kama umeiva. Mgeni wake hakuondoka bila mihogo. Ukimwambia huwezi kuibeba, anakuuliza mikono umepewa ya nini.

Mguu wangu ukasimama juu ya kanyagio. Bi Mwajabu gani? Huyo alikuwa mama yangu mzazi, Bi Mwamini, mzima na mihogo yake, kabadilishwa jina tu. Nilicheka mpaka nikatoboa kidole kwa sindano. Halafu hadithi ikaendelea, Bi Mwajabu akaugua, akafa, akazikwa kwenye mvua nyembamba isiyo na kelele, na binti yake akabaki ameikumbatia kanga yake, akiinusa. Nikalia. Nilimpiga Hussen kwa kitambaa cha mteja huku nalia.

"Umemuua mama yangu!"

"Ni hadithi, Zuwena."

"Umemuua vizuri," nikamwambia. "Ipeleke."

Akaipeleka. Baada ya wiki kadhaa mhariri mwenyewe akapiga simu, dada mmoja aitwaye Recho. Hakuanza kwa shukrani. Alianza kwa kusema, "Kaka Hussen, ule mwisho wa kimyakimya umeiliza ofisi nzima." Hussen akakaa chini sakafuni, palepale juu ya vipande vya vitambaa. Recho akaeleza kwamba wameikubali, ila ana jambo moja. Huyu mama anaonekana ni mtu wa kweli. Kitabu chao kilichopita kiliwaletea balaa, ndugu wa mtu fulani walimtambua wakaja juu. Kwa hiyo kama mama huyu yupo, na yu hai, wanaomba ridhaa yake. Si lazima maandishi, hata ujumbe wa sauti unatosha, lakini upatikane kabla kitabu hakijapelekwa kiwandani. Bila ridhaa, hadithi inatoka kitabuni.

Furaha ya Hussen iliisha kama maji kwenye mchanga. Mtu asiyejua mambo ya utani anaweza asielewe kwa nini, kwa hiyo nieleze. Hussen ni Mnyamwezi, mimi ni Mzaramo. Kwa hiyo yeye na kwetu ni watani, tena watani wa tangu enzi za mababu, wa kuchukuliana kuku na kutukanana bila mtu kununa. Lakini alipooa kwetu akawa mkwe. Mkwe kwa mama mkwe wake hana mdomo. Anamwamkia ameinamisha kichwa, hakai naye mkeka mmoja, hamtazami usoni, na akiitwa kula anatengewa chake. Wengine wakishakuwa wakwe hupata njia ya kuchanganya, leo mkwe, kesho mtani. Hussen hakuweza. Alimheshimu mama mpaka ikawa kama anamkimbia. Sasa mtu huyo aende amwambie, mama, nimekuandika, na mwishoni nimekuua?

"Usome wewe," akaniambia.

"Mimi sikuandika."

"Ni mama yako."

"Na ni maiti yako," nikamjibu. Lakini nilijua nitasoma.

Jumamosi tukapanda pikipiki yetu tukashika njia ya Kiluvya kuelekea Kisarawe.  Njia nzima Hussen alipita kwenye mashimo ambayo siku zote huyakwepa. Mimi nyuma yake nilikuwa na hofu yangu nyingine: mama ni mkali, na ndani ya hadithi ile kuna mahali Bi Mwajabu anawagawia wajukuu nyama kwa kijiko cha chai. Nilimwambia apaondoe. Akasema hapo ndipo Recho alipocheka zaidi.

Tulimkuta mama uani, amekaa mkekani anamenya mihogo. Hussen alichuchumaa mbali kabisa, karibu na mlango wa ua, akitazama chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Watu wa Kibaha hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

Maongezi yao yalikuwa yakiishia hapo siku zote. Mama akanitazama mimi, akaona nimekaa upande, akajua kuna neno. Nikamweleza yote kwa haraka kabla woga haujanirudisha nyuma. Kwamba mkwe wako ameandika hadithi. Kwamba watu wa Dar wameipenda wanataka kuitia kwenye kitabu. Kwamba inamhusu mama mmoja wa Kisarawe anayefanana na wewe kidogo.

"Kidogo vipi?"

"Hebu sikiliza."

Nikasoma. Mama aliendelea kumenya. Kwenye "wewe mtoto wa nani" akaguna. Kwenye simu akasema, "Sasa nisiposema kwa nguvu watanisikiaje huko mbali?" Kwenye kijiko cha chai kisu kikasimama. Nikapunguza mwendo wa kusoma. Hussen kule mlangoni alikuwa amekunja mikono kama mshitakiwa.

"Wale watoto wa Lusajo wakipewa kijiko kikubwa wanamaliza chungu," mama akasema. "Huyo mama ana akili. Endelea."

Lusajo ni shemeji yangu, mume wa dada, na watoto wake kweli wanakula. Nikaendelea. Nilipofika kwenye ugonjwa sauti ilianza kunitoka vibaya, na nilipofika kwenye mvua na kanga nilikuwa nasoma huku kamasi zinanitiririka bila aibu. Nikamaliza. Nikasubiri. Mama aliweka kisu kwenye beseni, akajifuta mikono. 

"Nimekufa," akasema mwishowe.

"Ni hadithi tu, mama," nikasema.

"Nimesikia ni hadithi. Mie sina neno na kufa. Watu wote wanakufa. Nimeugua, nimekufa, mvua ikanyesha, mkalia. Haya." Akageuka kuelekea mlango wa ua, na kwa mara ya kwanza tangu ndoa yetu akamwita Hussen kwa jina. "Hussen! Mtani wangu alikuwa wapi?"

Hussen akainua uso, akasahau kwamba hatakiwi.

"Mama?"

"Nauliza. Mazishi yangu yameandikwa na Mnyamwezi, na ndani yake hamna hata mtani mmoja! Mie Mwamini, nazikwa kimya, kama mtu aliyeokotwa barabarani! Nilipomzika baba yake huyu, watani walilizuia jeneza njiani mpaka tukawapa kitu. Mmoja alivaa kofia yake na koti lake, akatembea kama yeye, akakohoa kama yeye. Nilicheka, Hussen. Mume wangu yuko kwenye jeneza, na mie nacheka, na ndicho kilichonisimamisha siku ile. Sasa mie wangu atakuwa nani? Nimezaa binti, nikampa mtani kwa mkono wangu mwenyewe, nikasema Alhamdulillah, mazishi yangu yatachangamka. Kumbe nimejiletea mkwe mtupu!"

Hapo nikaelewa kosa letu, na nadhani Hussen alilielewa kabla yangu. Mazishi yake aliyaandika kama yale ya vitabuni, watu wamesimama, mvua, ukimya. Alikuwa anamheshimu. Kila mtu aliyekulia kwetu anajua kwamba mazishi ya namna ile, bila mtu wa kumwigiza marehemu, bila mtu wa kugombana na wachimba kaburi, ni mazishi ya mtu asiye na watu. Mimi mwenyewe nililia pale kwenye cherehani bila kuona kinachokosekana.

"Ridhaa sitoi," mama akasema. "Wakinichapa hivyo naonekana mkiwa."

Hussen akasema taratibu, "Mama, nitaandika upya."

"Mie mambo ya kuandika siyajui. Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini, mama?"

"Nimekufa," akasema, akajinyoosha chali palepale mkekani, akafumba macho, akafungua jicho moja. "Zuwena, mpe kanga yangu."

Niliichukua kanga kwenye kamba. Hussen alikuwa amesimama, na mimi nilimwonea huruma kama siku ya harusi alipokosea jina la babu yangu. Akanitazama. Sikumsaidia. Nilimpa kanga nikaenda kukaa kwenye kinu kilicholala.

Akajifunga. Akashika kiuno kwa mkono mmoja, akapiga hatua mbili, akasimama. Hakuwa mama. Alikuwa karani aliyevaa kanga. Akarudi nyuma akaanza tena, na safari hii kitu kikamwingia: bega likashuka, shingo ikatangulia, akawa Bi Mwamini mtupu. Akaenda kwenye sufuria la mama jikoni, akafunua kifuniko, akachungulia.

"Huu ndio wali wa msiba wangu?" akasema kwa sauti ya mama ileile. "Una mawe! Nani kapika? Mnanizika kwa wali wa mawe, mie niliyewapikia maisha yangu yote?"

Mama pale chini akaanza kutikisika tumbo. Hussen akaenda kwa wachimba kaburi ambao hawapo, akawaambia kaburi ni fupi, wapunguze bei. Akatoa simu yake, akaishika mbele ya mdomo, akapiga kelele, "Haloo! Ndiyo, nimekufa! Nimekufa, nasema! Mbona husikii?" Jirani mmoja akachungulia juu ya ukuta wa makuti. Hussen hata hakumwona. Akaingia kaburini, akajilaza, halafu akainuka ghafla akiwakodolea macho malaika wawili waliokuja kumhoji.

"Subirini kwanza," akawaambia. "Nyie watoto wa nani?"

Mama alicheka mpaka akageuka ubavu. Alicheka akikohoa, akipiga mkeka kwa kiganja, akisema "toba, toba, Mnyamwezi wewe," na machozi yakimshuka mpaka masikioni. Jirani alicheka kule kwake. Mimi sikuweza. Niliwatazama wale wawili, mmoja amelala na mmoja amevaa kanga yake, nikaiona siku yenyewe, ile itakayokuja kweli, nikaona nitakavyokuwa, na nikaona kwamba nitakuwa na mtu wa kunisimamisha. Nikaingia ndani nikajifanya natafuta chumvi.

Niliporudi mama ameketi, anajifuta kwa ncha ya kanga, na Hussen ameshaivua, amerudi kuchuchumaa mlangoni, amejaa aibu.

"Hapo nimezikwa," mama akasema. "Lete hiyo simu."

Nikamshikia, nikabonyeza. Mama akaisogeza mdomoni akasema kwa nguvu za kutosha kusikika Dar bila simu, "Recho mwanangu, hujambo? Mie ndiye marehemu. Nimeisikia hadithi. Mtani wangu anakuja kuutengeneza mwisho wake. Akishautengeneza, nimekubali. Wewe ni mtoto wa nani?"

Tuliondoka na mihogo mpaka kwenye tangi la mafuta.

Njiani nilimkumbusha Hussen kwamba ule mwisho wa kimya ndio uliomwingiza kitabuni. Recho aliupenda ulivyo. Akiubadilisha, huenda wakamtoa, na yeye mwenyewe alisema hii ni ya mwisho. Alisimamisha pikipiki kando ya barabara ili anijibu vizuri.

"Siwezi kumzika mama kimya," akasema. "Bora nisichapishwe."

Aliandika usiku na mchana, akawa anachelewa hata kunywa chai. Alinisomea mara moja tu na sikukanyaga cherehani hata kidogo. Akatuma, pamoja na sauti ya mama. Recho akajibu kwamba amepokea, ila mwisho sasa ni mwingine kabisa na kurasa zimeongezeka, kwa hiyo lazima wenzake waisome upya. Mimi nikaona hapo tayari shukrani ziko njiani. Hussen alimwagilia mchicha wetu mpaka ukaanza kuoza.

Recho alipiga simu mimi nikiwa napima kiuno cha mteja. Hussen aliweka simu kwenye spika ili na mimi nisikie.

"Kaka Hussen, mwisho wa kwanza ulitutoa machozi," akasema. "Huu tumeusoma kwa sauti ofisini, watu wakacheka mpaka wakalia. Tunachapa huu. Na mwambie marehemu kwamba baba yangu anatokea Dodoma, maana aliniuliza."

Mteja wangu alipiga vigelegele bila kujua kilichotokea. Nilimkumbatia mume wangu na tepu ikiwa shingoni, nikamwambia wewe ni mwandishi, na nikasikia jinsi neno lile lilivyotoka bila mzaha wowote. Nilidhani atapiga simu ofisini kwake, au kwa ndugu zake Tabora ambao siku zote humuuliza anaandika barua gani zisizoisha. Alimpigia mama.

"Mama, shikamoo. Wamekubali."

"Alhamdulillah!" Tulimsikia bila spika. Kisha akashusha sauti, jambo ambalo kwenye simu hajawahi kulifanya. "Sasa sikiliza, baba. Siku yangu ikifika usije ukanililia kimkwe. Uje vilevile ulivyokuja siku ile. Usiniaibishe."

 Hussen akanipa simu. Na mimi nikamuuliza mama yangu kama ameshakula.